Hesabu za Masika

Binamu yangu wa Birmingham ana maradhi ya kutuma sauti za WhatsApp. Zinaingia alfajiri, ni ndefu, na kila moja ina nasaha ndani yake. Aprili hii nasaha ilikuwa ya pesa. Ati kule baridi imekatika, watu wanafungua madirisha, wanafua mapazia, na nyumba ikishatakata hukaa chini wakapanga hesabu zao. "Na wewe fanya, kaka," anasema. "Toa makaratasi yote. Tizama kinachoingia na kinachotoka. Utaona raha moyoni."

Mimi nakaa Mbaraki, Mombasa. Aprili ya hapa ni masika. Dirisha ukilifungua mvua inaingia mpaka kitandani. Pazia ukilifua halikauki, linaanza kunuka uvundo likiwa bado kambani. Mtaro wa mbele ya nyumba unatapika vitu ambavyo tulidhani tumeshaachana navyo, na malori ya bandarini yanayopita usiku kucha yamechimba mashimo ambayo mvua ikijaa watoto wanayaita mabwawa na kuyapa majina. Katika hali hiyo ndiyo niambiwe nitoe makaratasi nje.

Tena hao tunaoambiwa tuwaige, usafi wenyewe hawaufanyi kwa hiari. Mwaka wa kodi wa Uingereza unafungwa tarehe 5 Aprili, basi mtu apende asipende atapanga. Na tarehe hiyo imezaliwa na uchoyo. Zamani mwaka wao ulianza Machi 25. Walipobadili kalenda mwaka 1752 wakaruka siku 11, na hazina haikukubali kupunjwa siku hizo; siku ya hesabu ikasogezwa mbele. Taifa zima linafua mapazia kwa sababu ya deni la siku 11.

Sisi kalenda hatuna upungufu nazo. Serikali inafungua mwaka wake wa fedha Julai 1. Mwananchi, mwaka wake wa kodi ni Januari hadi Desemba, lakini ritani yake inangojwa mpaka Juni 30, na akichelewa faini ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi, ile itakayouma zaidi. Asiye na kipato naye, maadamu ana PIN ya kodi, anatakiwa aingie mtandaoni akiri kuwa hana. Ndiyo maana Juni nzima cyber za mjini zinajaa vijana wanaolipa pesa ili watangaze kwamba hawana pesa.

Wazee wetu nao walikuwa na siku yao ya kufagia. Nairuzi, Siku ya Mwaka. Ilitoka Uajemi, ambako inaangukia Machi na watu wa huko mpaka leo wanaitikisa nyumba nzima kabla haijafika. Kwetu ikawa inahesabiwa siku 365 bila kuongezwa ile siku ya mwaka mrefu, ikateleza taratibu mpaka leo tunaiona Julai. Makunduchi kule Unguja bado wanaicheza kwa jina la Mwaka Kogwa. Watu waliamka alfajiri wakaoga baharini, wakazoa jivu la jikoni, wakaanza mwaka. Hakuna mzee aliyewahi kuniambia kwamba walitoa risiti.

Lakini binamu huyo ndiye aliyelipa karo ya mwanangu muhula uliopita, na mtu aliyekulipia karo nasaha yake huitupi hivihivi. Jumapili moja mvua ilipopumua nikatoa makaratasi.

Yanakaa kwenye mfuko wa plastiki, wa dukani, wenye mikono miwili, wa kabla ya marufuku ya Agosti 2017. Mifuko hiyo sheria iliipangia faini inayofika shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka minne. Kwa hiyo kabla sijafungua hesabu yoyote, chombo chake peke yake kilikuwa kinaweza kunifilisi. Nikaumwaga mkekani, mfuko wenyewe nikaurudisha haraka chini ya godoro.

Karatasi safi kuliko zote ilikuwa ya mshahara. Hiyo haihitaji ufagio, imeshafagiliwa. Kodi ya mapato imepita. NSSF imepita. Bima ya afya ya jamii imepita na asilimia yake 2.75, ndiyo iliyokalia kiti cha NHIF tangu Oktoba 1, 2024, na kadi ya NHIF ninayo bado, nafungulia mlango wa choo ukijifunga kwa ndani. Ushuru wa nyumba nao, asilimia 1.5, umekatwa kwa mpangaji ambaye mwenye nyumba wake anapandisha kodi kila akienda Umra. Anayelipwa mwisho kabisa ni mimi, tena kwa kuhurumiwa.

Kazi yangu ni ukarani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Makontena yalipoamriwa yapande reli mpya moja kwa moja kwenda bara, wengi wetu hapa kisiwani tulibaki tumeshika kalamu. Septemba 2022 Rais Ruto aliapishwa, na siku hiyohiyo akatangaza kwamba kazi ya kutoa mizigo irudi Mombasa. Mizigo ikarudi. Mshahara bado unangojwa. Nahisi ulishukia Voi kunywa chai.

Chini ya karatasi za mshahara nikakuta karatasi ya hisa. Mnakumbuka 2008, Safaricom ilipouza hisa shilingi 5 na Kenya nzima ikapanga foleni? Watu waliuza ng'ombe, wengine walikopa benki, na maombi yakazidi hisa zenyewe mara kadhaa, hivyo kila mtu akakatiwa kipande. Mimi nilikatiwa kijipande. Gawio lake lilikuwa likitumwa kwa sanduku la posta la mwajiri wangu wa zamani, ambaye kampuni yake ilikufa na ufunguo wa sanduku akaenda nao. Kumbe pesa za namna hiyo, zikikaa sana bila mwenyewe, zinapelekwa kwa mamlaka ya serikali iliyoundwa kwa sheria ya 2011 kulinda mali za fedha zisizodaiwa. Yaani ipo ofisi nzima Nairobi ambayo kazi yake ni kushika pesa za watu waliozisahau. Watu wasahau pesa! Mimi nasahau vitu vyote, lakini aliyechukua mia mbili yangu namkumbuka mpaka rangi ya shati alilovaa.

Sasa nikafika kwenye bahasha ya shangazi.

Marehemu shangazi yangu wa Kuze hakuamini benki, hakuamini simu, na hakuamini mume. Pesa zake aliziweka katika kasha, chini ya leso ambazo hazijapigwa pindo. Juni 1, 2019, siku ya Madaraka, tulipotangaziwa noti mpya na kwamba ya zamani ya 1,000 mwisho wake ni Septemba 30, tukamwendea kikao kizima cha ukoo.

"Noti imefanya kosa gani?" akauliza.

Tukamweleza: noti haikufanya kosa, ila serikali inawatafuta walioficha mamilioni.

"Mimi nina mamilioni?"

"Huna, shangazi."

"Basi hainihusu. Kunyweni kahawa."

Alipofariki tukafungua kasha. Zilikuwemo, zimenyooshwa vizuri, zinanukia udi. Benki Kuu ilisema noti zipatazo milioni 7.4 hazikurudishwa, yaani shilingi bilioni 7.4 ziligeuka makaratasi. Wataalamu wakabishana ni za wezi gani. Chache mimi najua zilipo. Na linaloniudhi ni hili: katika ukoo mzima hapakuwa na mtu mwenye hesabu safi kumshinda yule bibi. Hakudaiwa, hakukatwa, hakulipa ada ya kutoa wala ya kutuma. Kila nasaha ya binamu wa Birmingham yeye alikuwa ameitimiza tangu enzi za Kenyatta wa kwanza, na ndiye aliyeramba mchanga.

Tuje kwenye simu, kwa sababu ukweli ni kwamba mfuko wa plastiki una historia tu. Pesa zenyewe zinaishi ndani ya simu, au zinapita tu na kusalimia. M-Pesa ilianza Machi 2007, tukaambiwa sasa pesa utaituma kokote. Kweli nimeituma kokote. M-Shwari ikaja 2012, mkopo mfukoni. Halafu Januari 2019 ikaja Fuliza, na hii ndiyo iliyomaliza aibu iliyokuwa imebaki, kwa sababu huhitaji hata kuomba: unanunua mkate, salio halitoshi, simu inakuuliza kwa adabu kama ikuongezee. Kwa viwango vilivyoshushwa Oktoba 2022, deni likizidi shilingi 2,500 ada ni shilingi 25 kila siku, juu ya ile asilimia 1 ya mlangoni. Chukua 3,000, kaa nayo mwezi wa siku 30. Mlangoni 30, siku zake 750. Shilingi 780, bila ya ushuru, na mkate ulishaliwa siku ya kwanza.

Hapa kwetu Mbaraki tuna mnara wa mawe ya matumbawe, wa karne na karne, umesimama peke yake karibu na bahari kando ya msikiti. Makumbusho ya Taifa wanautunza. Watu wa zamani waliamini ndani yake anakaa jini mwenye nguvu, wakimwendea na haja zao wakimpelekea ubani na marashi. Sheikh wetu hapendi habari hizo na mimi sizitetei. Nasema tu kwamba yule jini hajasikika hata siku moja kumtoza mtu kwa siku. Marashi mara moja, basi, mkosane au mpatane. Na habari ya riba hakuijua.

Kwa sheikh mwenyewe nilipelekwa na zaka. Mke wangu alikuwa amenitazama mkekani kwa muda, nimezungukwa na karatasi, akasema: "Baba watoto, badala ya kumsikiliza mtu wa Birmingham, si ufanye hesabu ya zaka? Hiyo ndiyo hesabu ya mwaka."

Nikajibu zaka ni ya matajiri. Akasema utajuaje hujatajirika kama hujahesabu? Mwanamke huyu angesomea sheria mimi ningekuwa jela.

Ni kweli lakini. Huwezi kujua kama unadaiwa zaka mpaka utandaze kila kitu: taslimu, akiba, dhahabu, bidhaa ya biashara, na pesa zako zilizoko kwa watu. Jumla ikifika nisabu, thamani ya dhahabu gramu 85 hivi au fedha gramu 595, na ikakaa mwaka mzima wa mwezi mwandamo, inatoka asilimia 2.5. Wahindi wa Biashara Street na Waswahili wa Mji wa Kale wenye maduka wanafanya hivi bila kelele, wengi wao Ramadhani, na wana vitabu vya hesabu ambavyo mkaguzi angevibusu.

Nikajumlisha. Taslimu, hakuna wa kunionea wivu. Akiba, hapo nilipita mbio. Ila pesa zilizoko kwa watu! Hapo nilipigwa na butwaa. Kuna shemeji, kaka wa mke wangu, aliyechukua ya kuanzisha biashara ya viazi karai pale karibu na feri ya Likoni. Kuna mwenzangu wa kazini wa bodaboda. Kuna fundi aliyepokea rubuni ya kabati, kabati ambalo watoto wangu wanalijua kwa kusimuliwa. Kuna jirani wa gesi. Ukijumlisha, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, nilikuwa nanyemelea nisabu kwa mbali. Nikasimama wima. Nikamwambia mke wangu huenda anaishi na tajiri.

Nikamwendea sheikh baada ya Alasiri, nimenyanyua kidevu. Nikamuuliza: deni ninalowadai watu, nalitolea zaka?

"Inategemea," akasema. "Ni deni la kutarajiwa? Anayedaiwa anakiri, na uwezo wa kulipa anao?"

"Anakiri sana. Kila Ijumaa anakiri."

"Nani?"

Nikamtaja shemeji. Sheikh akainama. Mabega yake yakawa yanacheza. Wazee wawili waliokuwa wakivaa viatu mlangoni wakarudi ndani wasikie.

"Hilo," akasema alipopata pumzi, "usilihesabu mpaka ulishike mkononi. Wanazuoni wamekuhurumia."

Nikarudi nyumbani fukara tena, lakini kwa dalili.

Shemeji mwenyewe nilimkabili. Ndivyo wataalamu wa fedha wanavyoshauri, ati kusanya madeni yako. Wataalamu hao hawana mashemeji. Nikaanza kwa mbali, nikaulizia viazi. Akasema mvua imeua biashara, hakuna anayesimama kula viazi karai na maji yamefika kifundoni. Akaniuliza kama nimesikia ule mfuko wa Hustler ulioanzishwa Novemba 2022. Nikasema nimeusikia, riba yake asilimia 8 kwa mwaka, na asilimia 5 ya mkopo inabaki kama akiba yako. Akasema, "Yeye alikopa, sasa laini yake ameizima, na mimi nataka kumlipa kaka yangu lakini simu inakata deni kila pesa ikiingia." Nikamuuliza yeye nani. Akasema, "Mimi, lakini nazungumza kwa adabu." Tukanywa chai. Chai nililipa mimi.

Naona msomaji anauliza, na michango je? Michango siisemi sana kwa sababu simu yangu inaweza kusikia ikanitumia mingine. Niko katika makundi ya harusi ambayo bwana harusi simjui na bibi harusi simjui, niliingizwa na mtu ambaye ameshatoka. Kila jioni katibu anabandika orodha: jina, ahadi, alichotoa, baki. Lau kaunti zingeandika matumizi yao namna hiyo, barabara ya Mbaraki isingekuwa na mabwawa. Kujitoa hutoki, kwa kuwa WhatsApp itatangaza kwamba fulani ameondoka, na siku ya msiba wako watu watakumbuka uliondoka saa ngapi.

Mke wangu anacheka tu. Yeye hana mfuko wa plastiki. Ana chama cha kina mama wa mtaani, ana bangili mbili anazoziita "mashahidi", na ana pindo la leso ambalo nimeishi nalo ndoa nzima bila kujua ndani mna nini. Akihitaji anafungua fundo, anageuka, anahesabu kwa kidole gumba, anafunga. Hakuna neno siri, hakuna ada, na hakuna shemeji aliyewahi kukopa kutoka pindoni, pamoja na kwamba ni kaka yake mwenyewe. Nimemuuliza kwa nini. Anasema, "Mimi sina pesa, uliza mtu yeyote." Na kweli, ukiuliza mtu yeyote, watasema hana.

Hesabu iliyobaki ilikuwa moja, ya duka la mtaani. Nikaona nimalize na hiyo, niwe nimefunga walau ukurasa mmoja kabla ya Juni. Mwenye duka ana daftari refu jembamba, jalada jeusi, limefungwa mpira. Humo ndani mna Mbaraki yote, kwa sukari na mafuta ya taa. Nikamwambia naomba nitizame deni langu. Akafungua, akalisukuma upande wangu huku anapimia mtu unga.

Nikapekua. Mama Mahamri. Fundi Stima. Mwalimu wa Pili. Askari Mfupi. Jina langu halimo. Nikafurahi, nikamwambia bwana mbona sidaiwi. Akanyoosha kidole bila kuniangalia. Ukurasa wa katikati, mistari imejaa mpaka pembeni, na juu yake kwa kalamu nyekundu: Bwana Kesho.

Nikamuuliza hilo jina ametoa wapi. Akasema hakulitoa mahali, nimelisema mwenyewe.

Nikalipa nusu palepale, kwa taslimu, mbele ya Askari Mfupi ambaye alikuwa ananunua kiberiti. Nikasema sasa jina libadilishwe. Mwenye duka akasema jina linabadilika deni likiisha, ndio utaratibu, hata Mwalimu wa Pili zamani alikuwa akiitwa vingine. Akachora mstari chini ya nilicholipa, akapiga muhuri wa kidole. Akaniuliza kama kuna kitu kingine.

Nikakumbuka nyumbani hakuna sukari. Akapima nusu kilo, akafunga, akachukua ile kalamu.

"Kesho?" akauliza.

"Kesho," nikasema. Akaandika.